Steringi Hafi: Maoni ya Mtazamaji na Wajibu wa Mwalimu

Mwalimu aingiaye darasani akidhani kwamba watoto walio mbele yake ni vyungu vitupu vinavyongoja kutiwa maji, anajidanganya. Vyungu hivyo vimekwisha kutiwa mengi, na sehemu kubwa imetoka katika sinema na michezo ya televisheni. Watoto wetu wanayajua majina ya waigizaji kabla ya kuyajua majina ya mito. Wanaweza kusimulia filamu ya saa mbili bila kuruka tukio, ilhali aya tano za kitabu cha kusoma zinawashinda. Baadhi yetu walimu hulitazama jambo hili kwa hasira. Wengine hujifanya hawalioni. Katika makala haya twapenda kushauri njia nyingine: mwalimu azitazame sinema hizo yeye mwenyewe, azitolee maoni, kisha amfundishe mtoto naye kutoa yake.

Twasema "maoni" kwa kukusudia. Anayesema kwamba filamu fulani ni nzuri, au kwamba haifai, bado hajatoa maoni. Ametoa sauti tu. Maoni huanza pale penye "kwa sababu". Kwa hiyo hapa hatutaficha yetu. Tutazitaja filamu na michezo kwa majina, tutaeleza kilichotupendeza na kilichotuudhi, na sababu zake. Ndugu msomaji asiyekubaliana nasi atakuwa amekwisha kuianza kazi tunayotaka aifanye.

Sinema zilivyotufikia

Sinema si mgeni wa jana katika nchi hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937 lilifanyika jaribio la kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Filamu hizo zilieleza habari za safura, za akiba ya posta, za mmomonyoko wa udongo, na hata za kahawa inayopandwa chini ya kivuli cha migomba, jambo ambalo mkulima wa Kamachumu angeweza kumfundisha mpiga picha badala ya kufundishwa naye. Mapema miaka ya 1950 zikaja filamu za kusimulia hadithi kwa Kiswahili. Mojawapo ni Muhogo Mchungu, ambayo ndani yake aliigiza Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1970, ilitengenezwa Fimbo ya Mnyonge ili kueleza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Filamu hizi zilitofautiana kwa nia na kwa watengenezaji wake, lakini nyingi zilimwona mtazamaji kwa jicho moja: kwamba yeye ni mwanafunzi, kazi yake kusikiliza.

Televisheni nayo ilichelewa. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mapema miaka ya 1970. Tanzania Bara haikupata kituo chake cha kwanza hadi 1994, wakati sisi tungali wadogo. Huku kwetu, katika uwanda wa juu wa Kamachumu, miaka mingi zaidi ilipita kabla televisheni haijawa kitu cha sebuleni. Kilichotangulia ni mkanda wa video, na mahali pake palikuwa kibanda umiza.

Steringi na adui

Aliyekulia kijijini hahitaji kuelezwa kibanda umiza ni nini. Ni kuta za mabanzi, turubai lililozibwa madirishani kuzuia mwanga, mabenchi yasiyo na egemeo, jenereta inayonguruma nyuma ya nyumba, na joto la watu wengi katika chumba kidogo. Humo tulijifunza istilahi zetu za kwanza za uhakiki. Mhusika mkuu aliitwa steringi, neno lililotokana na maandishi ya mwanzo wa filamu yanayotaja waigizaji wakuu. Mpinzani wake aliitwa adui. Na kanuni ya kwanza, ambayo kila mtoto aliijua kabla ya kujua jedwali la kuzidisha, ilikuwa hii: steringi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, afungiwe katika nyumba inayoteketea. Atatoka, tena atatoka amekasirika.

Hatuzidharau filamu za ngumi. Bruce Lee, katika Enter the Dragon, alitufundisha kwamba mwili waweza kusema bila maneno, na mwalimu wa darasa la kwanza anayefundisha kwa vitendo anaijua thamani ya jambo hilo. Lakini tazama mzaha wa kanuni yetu: Bruce Lee alifariki Julai 1973, mwezi ule ule ambao watu walikuwa wanaingojea filamu hiyo. Watoto wa Kamachumu walimshangilia miaka zaidi ya ishirini baadaye, wakiapa kwamba haiwezekani afe.

Filamu hizo hazikuja peke yake. Zilikuja na sauti ya msimulizi aliyezifasiri kwa Kiswahili, na mashuhuri miongoni mwa waliotangulia katika kazi hiyo ni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Yeye hakufasiri maneno tu. Aliwaeleza watazamaji nia ya mtu kabla hajafanya tendo, akaongeza mzaha na maonyo, akaifanya hadithi ya mbali ionekane ya mtaa wa pili. Twaona kwamba hiyo ilikuwa kazi ya ualimu, na wengi wetu tulioketi kwenye mabenchi yale tuliongeza msamiati wetu wa Kiswahili kwa sauti kama zile.

Hata hivyo, tulipata pia mazoea ambayo mwalimu hana budi kuyatambua. Msimulizi alicheka kabla yetu. Alituambia nani mjinga na nani mwerevu, nani anastahili kipigo na nani ahurumiwe. Tulitoka kibandani tukiwa na hukumu zilizokwisha kuandaliwa. Je, si ndivyo afanyavyo mwalimu anayeuliza swali, akalijibu mwenyewe, kisha akauliza "Mmeelewa?" na darasa zima likaitika "Ndiyo, mwalimu"?

Wahaya walikuwa na desturi tofauti na hiyo muda mrefu kabla ya jenereta. Katika usimulizi wa ngano, msikilizaji hakai kimya. Huanza kwa kuitikiana na msimulizi, na katika kuitikia huko humtaka aone ili wasikilizaji nao wapate kuona. Msimulizi ametangulia kuona, lakini hakupewa ruhusa ya kuona kwa niaba ya wenzake. Kipimo hicho ndicho tunachokitumia hapa chini. Tunaiuliza kila filamu: Je, inatuachia cha kuona wenyewe?

Maoni yetu juu ya filamu chache

Tuanze na za nyumbani. Steven Kanumba ndiye aliyekuwa steringi wa kizazi chetu. Katika filamu zake nyingi, na za wenzake wa wakati ule, yapo mambo yaliyotuchosha: hadithi ya saa moja kuvutwa iwe sehemu ya kwanza na ya pili, gari kuegeshwa kwa muda mrefu huku muziki ukilia, na majina ya Kiingereza juu ya hadithi za Kiswahili. Pamoja na hayo, Uncle JJ ya mwaka 2010 tunaipenda, kwa sababu inawapa watoto nafasi ya kusema na kutenda kama watoto wenye akili zao, si kama mapambo ya nyumba ya wakubwa. Kanumba alipofariki Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28, tuliwasikia watoto wakibishana kama ni kweli. Kanuni yao ilikuwa imevunjwa nje ya kioo, mahali ambapo hapana sehemu ya pili.

Neria, filamu ya Zimbabwe ya mwaka 1993 iliyoongozwa na Godwin Mawuru, ndiyo tunayoiweka juu ya zote kwa mtazamaji wa Kagera. Patrick, mume mwema, anafariki ghafla mapema katika hadithi. Mtoto aliyezoea kibanda umiza hushangaa: steringi amekufa, na filamu bado ndefu! Ndipo anapogundua kwamba steringi ni mjane, Neria, ambaye shemeji yake anamnyang'anya mali na watoto kwa kisingizio cha mila. Twaipenda filamu hii kwa sababu haiitukani mila yote. Inaonyesha jinsi mtu mwenye tamaa anavyojifunika kwa mila. Kasoro yake ni kwamba shemeji huyo amechorwa mbaya mno, hata mtazamaji aweza kujifariji kwamba yeye hafanani naye.

Jambo hilo si la Zimbabwe peke yake. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa wilaya yetu ya Muleba aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Jamaa wa ukoo alimshtaki, akidai kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu huko Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika jambo hilo, akitegemea haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Mtoto wa Darasa la Saba anayeijua hadithi ya Neria ataifahamu hukumu hiyo ya Mwanza, na atatambua kwamba kibanja anachokiona kila asubuhi ni mahali ambapo hadithi kubwa zimetokea.

Supa Modo ni filamu ya Kenya ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Jo, msichana wa miaka tisa anayependa filamu za mashujaa, ni mgonjwa asiye na matumaini ya kupona. Kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu ambayo yeye ndiye steringi wake. Humo kijijini yumo pia msimulizi wa filamu, ndugu yake Lufufu kwa kazi. Jo anafariki. Filamu haimdanganyi mtazamaji kwa muujiza wa dakika ya mwisho, na kwa hilo tunaiheshimu. Wapo wanaosema kwamba mtoto asionyeshwe kifo cha mtoto mwenzake. Sisi twaona kwamba kinachodhuru ni kuonyeshwa kifo kama mchezo, watu ishirini wakianguka na hakuna anayewalilia. Katika Supa Modo anakufa mmoja, na wote wanamlilia.

Kuhusu tamthilia za mfululizo tutasema machache. Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012, inamfuata Cheche, mpiga picha wa Bagamoyo. Sifa yake ni kwamba mtazamaji hawezi kuwagawa watu wake kwa urahisi kuwa steringi na adui. Mtu mwema anajikwaa, na aliyejikwaa bado anapendwa. Sultani ya Kituruki, iliyoingizwa sauti za Kiswahili, imewapa watu wengi Kiswahili fasaha cha heshima na cha hila pia. Twaipenda lugha yake, lakini twaona kwamba inamsifu mno yule anayenong'ona nyuma ya pazia, na mtoto aweza kudhani kwamba werevu ni fitina. Ubongo Kids, kipindi cha katuni cha Kitanzania kilichoanza mwaka 2014, kinafundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo. Ni kazi njema, kwa sababu wahusika wake wanakwama, wanakosea, wanajaribu tena. Mwalimu asisahau tu kwamba mtoto anayeimba jawabu bado anahitaji kulipata mwenyewe kwa vijiti na vizibo vya soda.

Swali lililotoka nyuma ya darasa

Hapo nyuma, tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi, mwalimu-mwanafunzi mmoja alikuwa akifundisha usimulizi katika Darasa la Sita. Mvulana mmoja alisimulia filamu ya mapigano kwa ufasaha mkubwa, akamaliza kwa kusema kwamba alijua tangu mwanzo itakavyokwisha, maana steringi hafi. Darasa lilicheka na kukubali. Ndipo msichana aliyeketi nyuma alipouliza, bila kuinua mkono: "Basi mama yangu hakuwa steringi?"

Darasa lilinyamaza. Andalio la somo halikuwa na jibu la swali hilo, wala hapana kitabu cha mbinu kilicho nalo. Yule mwalimu-mwanafunzi hakumkemea kwa kusema bila ruhusa, wala hakukimbilia maneno ya kufariji. Aliweka chaki mezani, akaliuliza darasa: "Steringi tunamtambua kwa nini?" Majibu yalikuja polepole. Mmoja alisema kwa kushinda. Mwingine alisema kwa kuwaokoa wenzake. Wa tatu alisema kwa kutokimbia. Aliyaandika yote ubaoni, kisha akawauliza ni lipi kati ya hayo ambalo aliyefariki hawezi kuwa nalo. Walitazama ubao kwa muda. Yule mvulana msimulizi ndiye aliyejibu kwamba hakuna, maana mtu aweza kuwaokoa wenzake na yeye asipone. Msichana hakusema neno tena, ila alinakili orodha yote katika daftari lake.

Msomaji na akumbuke mahali tulipo. Mkoa wa Kagera ulivamiwa mwaka 1978. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983, na ugonjwa huo uliacha yatima wengi, ambao baadhi yao tuliketi nao dawati moja. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikaelekea chini na mamia ya watu wetu. Katika mkoa kama huu, kanuni ya kibanda umiza si mchezo. Mtoto aliyefiwa akiambiwa na kila hadithi kwamba shujaa hafi, anaweza kuhitimisha kimya kimya kwamba waliokufa hawakuwa mashujaa. Hitimisho hilo halitaonekana katika mtihani wowote, lakini litakaa naye.

Namna ya kufundisha

Tunapendekeza hatua nne, ambazo hazihitaji televisheni, umeme wala fedha.

Kwanza, mtoto mmoja asimulie filamu au mchezo aliouona, kwa mfuatano, na wenzake wamsahihishe kwa mfuatano tu. Mwalimu asiulize nani ana televisheni nyumbani. Swali hilo huligawa darasa kabla somo halijaanza, na aliyesimuliwa filamu na jirani anaweza kuijua kuliko mwenye kioo.

Pili, darasa litenganishe tukio na maoni. "Shemeji alichukua mali" ni tukio. "Shemeji ni mbaya" ni maoni. Ubao ugawanywe safu mbili, na kila sentensi itafutiwe mahali pake. Watoto watabishana, na katika kubishana huko watajifunza zaidi ya ambavyo mwalimu angeweza kuwaeleza.

Tatu, kila maoni yafuatwe na "kwa sababu", na sababu itoke ndani ya hadithi, si katika jina la mwigizaji wala uzuri wa nguo zake. Hapa mwalimu ajizuie asicheke kabla ya darasa. Akiwa na maoni yake, na ni lazima awe nayo, ayatoe mwisho, naye ayafuatishe sababu kama wengine.

Nne, watoto waulizwe: Nani mwingine angeweza kuwa steringi wa hadithi hii? Anayebeba maji, anayefungua mlango, anayezika? Swali hili humfundisha mtoto kutazama pembeni mwa kioo, na siku moja ataliuliza pia juu ya historia aliyoisoma na juu ya kijiji anachoishi. Darasa la Tano na kuendelea laweza kuandika insha fupi juu yake. Madarasa ya chini yaigize.

Yako maonyo mawili. Filamu nyingine hazifai kwa watoto kamwe, nazo wanaziona. Mtoto akianza kuisimulia ya namna hiyo, mwalimu ampokee kwa utulivu, ahamishie mazungumzo kwenye filamu nyingine, kisha azungumze naye faraghani na pia na mlezi wake. Tena, swali kama la yule msichana laweza kuja katika somo lolote. Likija, andalio la somo lingoje.

Ndugu mwanachuo, kabla hujakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, tazama filamu moja ambayo wanafunzi wako wanaipenda. Itazame mpaka mwisho, hata kama inakuudhi. Kisha andika sentensi tatu juu yake: moja ya tukio, moja ya maoni, na moja inayoanza kwa "kwa sababu". Ukiona hiyo ya tatu inakushinda, jua kwamba ndiyo utakayowadai watoto, nawe hujaifanyia kazi bado.